Dole Gumba Kwenye Daftari la Kadi

Nilifika kijiji kile cha kando ya mgodi, upande wa Tarime, nikitokea Kenyamonta kwa miguu na kwa lori la ng'ombe. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita. Sikuifuata dhahabu hasa. Nilitaka kuliona shimo ambalo watu walisema gari kubwa likishuka ndani linaonekana kama punje ya ulezi. Nililiona kwa mbali siku moja, likanitosha. Nilibaki kwa sababu ya watu. Miaka ile kila mtu pale alikuwa ametoka mahali fulani, nami nilikuwa mtu wa kuuliza.

Nilichota maji, nikakanda chapati za watu, mwishowe nikapata kibarua zahanati kwenye mradi wa kifua kikuu. Wagonjwa wengi walikuwa wanawake wanaoponda magwangala, yale mawe ambayo mgodi umeyatupa yakiwa bado na chembe za dhahabu. Wanakaa chini kutwa na nyundo, na vumbi linaingia kifuani. Dawa ni miezi sita, na wengi walikuwa wakiacha wa pili au wa tatu, wakishajisikia nafuu. Ndipo mradi ukaleta kadi za zawadi. Ilikuwa kadi ya plastiki yenye namba. Ukimaliza dozi ya mwezi inafunguliwa, unakwenda nayo kwenye duka moja lililopangwa na kuchukua unga, maharage, mafuta na sabuni.

Halmashauri ilikubali kwa masharti. Kila anayefunguliwa kadi aweke dole gumba kwenye daftari, hata anayejua kuandika, na mkaguzi wa halmashauri angekuja wakati wowote kulinganisha. Alama isiyoonekana, kadi inafungwa. Mimi nilishika daftari na pedi ya wino, na chini ya kila ukurasa niliweka dole langu mwenyewe kama mgawaji.

Kazi ile niliipenda. Sikuwa nimewahi kujua kwamba kidole kina ramani. Lakini vya wale wanawake vilikuwa vimefutika. Mawe na maji ya kuoshea mchanga vilikuwa vimekula mistari, na kwenye karatasi ilitoka nusu ramani au robo. Walinicheka nilipowalinganishia na changu.

"Wewe mura," mmoja aliniambia, yaani kijana kwa Kikurya, "kidole laini hivyo, nyundo umeishika lini?"

Kulikuwa na mama mmoja mjane, mkubwa kuliko wote, aliyeanza kuponda kabla ya wengine kufika. Alikuwa kwenye mwezi wa tatu wa dawa. Muuguzi alikuwa amemwambia wazi kwamba akirudi kwenye vumbi kabla hajapona, asihesabu kumaliza mwaka. Chakula cha kadi ndicho kilichomweka nyumbani. Siku yake ya kufunguliwa, dole lake lilitoka doa jeusi tupu. Nikamfuta wino kwa kitambaa, akabonyeza tena. Doa. Mara ya tatu nilimshika mkono nikambonyeza mwenyewe. Doa vilevile. Foleni ilikuwa ndefu. Nikamwambia, "Nenda mama, imetosha," akaenda dukani.

Mchana, watu walipokwisha, niliangalia kisanduku cha alama yake kwenye daftari. Nilibandika juu yake kipande cha karatasi nyeupe, nikaweka dole langu. Lilitoka zuri kuliko yote ya ukurasa ule. Nilifunga daftari nikijiona mtu mwema.

Mkaguzi alikuja wiki iliyofuata, asubuhi, na kioo cha kukuzia mfukoni. Alikuwa mtu mpole, hakupandisha sauti hata mara moja. Alikaa kwenye benchi la zahanati akapitia ukurasa baada ya ukurasa. Alama zilizofifia alizipita bila neno, maana alikuwa ameomba kuona mikono ya wanawake watatu na ameelewa. Kilichomsimamisha ni ile iliyokuwa safi. Akaagiza mama aitwe.

"Shikamoo mama. Hii alama ni yako?"

"Marahaba. Hicho ni kisanduku changu?"

"Ndiyo."

"Basi ni yangu."

"Bonyeza hapa nione."

Akabonyeza. Doa.

"Bonyeza tena, mama."

Doa. Wenzake walikuwa wamejaa mlangoni.

"Siku ile kilikuwa kimevaa," mmoja wao akasema, "leo kimekuja uchi!"

Wakacheka. Mama naye akatabasamu. Mkaguzi hakucheka. Alimweleza taratibu kwamba alama ile si yake, na kama anasisitiza ni yake, itabidi aandike kuwa ameshirikiana na aliyeiweka. Jina lake litatolewa kwenye mradi.

"Nilibonyeza mara tatu," mama alisema. Tabasamu lilikuwa limeondoka. "Muulize huyu kijana. Alinishika mkono mwenyewe."

Wote wakanitazama. Dole langu lina kovu la panga, mstari mmoja unaokata katikati, na kovu lile lilikuwa pale kwenye kisanduku chake na tena chini ya ukurasa. Mkaguzi alikuwa ameshaliona. Alikuwa akinisubiri. Mama alikohoa, akashika benchi, akaendelea kuniangalia, na kwenye macho yake hapakuwa na shaka kwamba nitamsemea.

"Ni langu," nilisema mwishowe. "Yeye hajui."

Mkaguzi aliandika maneno yangu yote, akanisomea, nikaweka dole. Kibarua kikaishia hapo. Aliamuru pia kwamba kuanzia siku ile asiye na alama ashuhudiwe na balozi wa nyumba kumi, jambo ambalo mtu yeyote angeweza kulifikiria, nami sikulifikiria. Kuhusu mama alisema hana kosa. Ila mstari wake daftarini una alama ya uongo, na mstari wa namna hiyo yeye hana mamlaka ya kuufungua, lazima upite kwenye kikao. Kadi ikafungwa.

Siku ya tatu nilimkuta mama kwenye mawe. Sikumlaumu, unga ulikuwa umekwisha. Nilimwomba nyundo. Hakunipa. Kesho yake nilikwenda na nyundo ya kuazima, nikakaa kwenye rundo lake nikaanza kuponda. Wanawake wakanishangilia kwa dhihaka, "Karani amekuja kutafuta kazi ya kiume!" Yeye aliinuka, akajifunga kitenge puani, akaenda kukaa mbali, upande ambao upepo unatoka. Jioni nilimpa kilichopatikana. Tulifanya hivyo wiki saba. Dawa hakuacha hata siku moja. Chakula kilikuwa kidogo, na kuna siku alizitapika.

Kadi ilifunguliwa karibu na mwisho wa mwezi wake wa tano. Nilimbebea unga na maharage kutoka dukani mpaka kwake. Alikuwa amepungua, ila alitembea bila kusimama kupumua, na muuguzi alikuwa na matumaini. Nilitua mzigo mlangoni. Nadhani nilikuwa nangoja asante.

"Mura," alisema, "kuponda umeponda, nimeona. Lakini mimi nilisema mbele ya watu kwamba ile alama ni yangu. Sijawahi kusema uongo mbele ya watu. Wewe ndiye uliyenisemesha."

"Nilitaka kukusaidia, mama."

"Ungeniuliza. Nilikuwa hapo dukani tu."

Akaburuta mfuko wa unga ndani mwenyewe.