Kamba Mwenye Shavu

Nikishika kamba wabichi, mikono yangu hunuka ua wa Bibi. Naweza kunawa kwa sabuni na kusugua ndimu mpaka vidole vikunjamane, lakini shombo ile ikishaingia chini ya kucha haitoki mpaka jioni. Nami, niwaambie kweli, siku hizi sihangaiki sana kuitoa. Kazi yangu ni kuwatambua kamba. Wanaletwa kutoka huku na huku pwani yetu, nami huwatazama mmoja mmoja na kusema huyu ni wa aina gani. Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi, huwatajia chuo. Sikumbuki kumtajia mtu jamvi la Bibi kule Mtongwe, Likoni, na hilo ndilo lililotangulia.

Bibi, mamake baba, alikuwa akikaanga kamba na kuuza. Asubuhi alishuka dikoni, pale wavuvi wanapopandisha samaki wao, akarudi na ndoo kichwani, maji ya chumvi yakimchuruzika shingoni. Sisi wajukuu tulizunguka jamvi tukawachambua. Weupe walikaa upande huu, kwa kuwa hao walikuwa na wateja wao. Wa milia, wenye masharubu yaliyochorwa pete pete, walikaa upande ule. Vidogo vya kutia kwenye mchuzi viliingia kwenye beseni. Bibi hakuwa na subira na mtu wa kuchanganya.

"Mtazame upanga wa kichwani, una meno wapi," alikuwa akituambia. "Mtazame miguu. Ukubwa si kitu, hata wewe utakua."

Basi mimi nilikuwa na jicho, na nililijua, na nilijivuna nalo. Siku moja, katika fungu la wa milia, nilimpata kamba ambaye upande mmoja wa kichwa ulikuwa umevimba, kama mtoto aliyeficha kashata shavuni. Nilimbana, pakawa pagumu kidogo. Sikujua nimweke fungu gani, nikampelekea Bibi. Bibi alimgeuza mara mbili tatu, akashusha sauti.

"Huyu ni mja mzito," akasema. "Hawapatikani ovyo hawa. Kamchome, umpelekee shangazi yako amle na shavu lake."

Shangazi Mwanasiti, dadake baba, alikuwa ameolewa nyumba chache kutoka kwetu, na alikuwa hajajaliwa mtoto. Mambo haya sisi hatukuambiwa, ila watu wazima wa uani kwetu walikuwa na kipaji cha kunong'ona kwa sauti kubwa. Wakwe zake walikuwa wameanza kumtafutia mumewe mke wa pili. Naye Shangazi alikwisha kuapa kwamba ukewenza hauwezi: mwenzake akiingia kwa mlango wa mbele, yeye atatoka kwa mlango wa nyuma na sanduku lake. Nikaona ndoa ile iko mikononi mwangu, tena mikono yenyewe imejaa maganda ya kamba.

Nilimchoma juu ya makaa mpaka ganda likawa jekundu, nikamtia kwenye kibakuli, nikamfunika kwa kawa, nikaenda mwendo wa bibi harusi nisije nikamwangusha. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akasema dawa hailiwi ikitazamwa, niangalie nje kidogo. Nikageuka, nikatazama kuku wa jirani wakiparura. Niliporuhusiwa kugeuka tena kichwa hakipo, Shangazi anajifuta midomo, na paka wake, Shombo, anajiramba kando yake. Mnofu wa mkiani alinipa mimi. Nikaketi kizingitini nikala, nikimhadithia ya shule na ya madrasa, hata nikasahau kurudisha kibakuli cha watu.

Tangu siku hiyo hakuna kamba aliyenipita. Wenzangu walikuwa wakichambua aina, mimi nilikuwa nikisaka shavu. Kila nikimpata, mbio kwa Shangazi. Nikifika nilimtazama tumbo kwanza, shikamoo baadaye. Kuna siku nililiona limeinuka nikapiga kigelegele palepale, kumbe alikuwa ametoka kula viazi vya karai. Alinivuta akaniketisha karibu yake, akanisuka nywele zilizokuwa zimefumuka, na hilo likapita.

Mke wa pili aliletwa wakati wa likizo. Tulisikia ngoma kutoka kwetu, na kabla hazijanyamaza Shangazi aliingia uani kwa Bibi na sanduku lake kama alivyoapa, Shombo kwapani. Nilijifungia chooni nikalia. Niliamini sikutafuta vya kutosha, kwamba kuna mwenye shavu mmoja aliyenipita, naye ndiye aliyekuwa na mtoto wetu. Bibi hakutaja tena habari za kamba waja wazito. Mimi sikuacha. Niliendelea kumpelekea Shangazi chumbani, naye aliendelea kuniambia nitazame nje.

Miaka imepita, Bibi ametangulia mbele ya haki. Mwaka huu, kazini, aliletwa kamba wa milia mwenye shavu, na kwa mara ya kwanza nililipasua. Ndani mlikuwa na mdudu bapa, mwenye vijiguu vingi, amejibanza penye matamvua anayopumulia kamba. Mdudu huyo alikuwa amejaa mayai. Mwenzangu, huku akinywa chai, alinieleza kwamba kamba akishaingiwa na mpangaji huyo mara nyingi huwa hazai tena. Niliweka kibano mezani. Kumbe katika kamba wote wa bahari, niliyemchagulia Shangazi alikuwa ndiye tasa. Moyo uliniuma kama vile jambo limetokea asubuhi hiyo.

Nilikwenda Mtongwe kumwambia, maana sikuweza kukaa nalo. Nilimkuta uani, anachambua mchicha.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekukunjika hivyo?"

Nikamweleza yote, mdudu na mayai yake. Vidole vyake viliendelea na mchicha. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na nikadhani analia, kumbe anacheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

"Nilimwona kwa kamba wa kwanza tu," akasema. "Nilibana hivi, akatoka na vijiguu vyake. Wallahi sikumtia mdomoni hata siku moja. Vichwa vyote alikula Shombo."

Nikamkumbuka Shombo, ambaye sikuwahi kumwona ila ana mimba au ananyonyesha, nami nikacheka kwa nguvu. Lakini nilipotulia nilimuuliza mbona aliniacha nikahangaika mpaka ndoa ikavunjika, na hata baada ya hapo.

Shangazi alivuta fungu jingine la mchicha.

"Nyumba ile kila mtu alikuja kunitazama tumbo," akasema. "Wakishalitazama, wakaondoka. Wewe ulilitazama, ukaketi. Ukala, ukapiga soga, ukalala mapajani pangu. Ningekwambia ni mdudu, siku ya pili ungekuja na nini?"

Nilivuta kigoda nikamsaidia mchicha, majani upande huu, mashina upande ule. Miaka yote ile nilikuwa nikikimbilia kwake na dawa ya kupata mtoto, nisijue kwamba mtoto ameshafika, yuko kizingitini, anakula mkia wa kamba.