Mama Akataa Kuwa Mtalii

Mwaka 2017 mdogo wangu wa kike alijifungua mtoto wake wa kwanza kwenye nchi moja ya kisiwa huko Karibiani, alikoolewa. Alijifungua kwa shida. Mumewe alikuwa baharini kikazi, mama mkwe alishafariki, na kila nilipompigia simu alikuwa analia. Mama yetu, aliyekuwa akikaa nami huku kusini mwa Afrika, mtaa wa Kensington, na kusuka nywele mtaa wa Hillbrow, aliuliza swali moja tu.

"Nani anamkanda?"

Hakuna. "Basi nitafutie tiketi," akasema.

Kwetu Tanga mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na hashiki ufagio mpaka arobaini iishe. Kwa mama hilo halikuwa jambo la kujadili.

Nikaanza kusoma masharti ya kuingia kisiwani. Mtanzania anayekwenda kutembea hahitaji viza. Sikuamini macho yangu. Watu tuliozoea kuamkia foleni za vibali tukiona mlango uko wazi tunaingiwa na wasiwasi. Walitaka pasipoti isiyokaribia kuisha, tiketi ya kurudi, anwani ya kufikia, pesa za kujikimu, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, maana ndege ilipitia Brazili. Vyote tulikuwa navyo. Kilichonikosesha raha ni sharti la mwisho: anayeingia bila viza awe mtalii, asije kufanya kazi.

Mimi ni mlinzi wa jengo la ofisi Marshalltown. Kutwa nauliza watu wanakwenda kwa nani na kufanya nini, kwa hiyo najua mtu wa mlangoni anapenda jibu fupi. Jioni moja nikamkalisha mama, nikasimama nyuma ya meza ya chakula, nikajifanya ofisa wa uhamiaji.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kumlea mzazi. Kazi kubwa hiyo."

"Mama! Usitaje kazi. Sema umekuja kutalii."

"Kutalii nini? Niende kupiga picha za bahari na mwanangu hajakandwa?"

Jirani yetu Mkongo, fundi cherehani, alikuwa amekaa anasikiliza. Naye akajaribu. "Mama, sema tu unaenda kutembea. Ukisema kazi, batakurudisha."

"Wanirudishe," mama akajibu. "Siingii kwa mjukuu wangu kwa uongo."

Eish, nilikasirika! Nauli ilikuwa imetutoa jasho, mdogo wangu kule hana wa kumpokea mtoto hata akienda kuoga, na huyu anashikilia heshima. Tulinuniana siku kadhaa ndani ya chumba kimoja.

Siku ya safari alivaa gauni lake la kanisani, kadi ya njano ameichomeka kifuani. Pale watu wanapoagana uwanja wa ndege nikamkumbusha tena: jibu fupi, mtalii. Akanitengeneza kola.

"Wewe pale getini watu wanakudanganya?"

"Kila siku, mama."

"Na hujui?"

Najua. Huwa najua kabla hawajamaliza kusema. Nikampa begi lake, akalivuta akaenda zake.

Kesho yake jioni simu ikalia, namba ya mdogo wangu. Sauti ilikuwa ya mama. Ofisa, binti mdogo tu, alimuuliza kama amekuja kutalii. Akasema hapana.

"Ukamwambia nini?" nikauliza.

"Nikamwambia mwanangu amejifungua, nimekuja kumlea. Akauliza, ni kazi? Nikamwambia ndiyo, tena ngumu. Akauliza nani ananilipa. Nikamwambia, binti yangu, katika nchi yenu yote hakuna mwenye uwezo wa kunilipa mimi."

Aliitwa mkubwa wao. Mkubwa akaitazama tiketi ya kurudi, akapiga namba ya simu ambayo mama aliiandika pamoja na anwani, akasikia mtoto analia nyuma ya sauti ya mdogo wangu. Akarudi akamuuliza mama anataka kukaa mpaka lini. Mpaka arobaini iishe, mama akasema, na akawaeleza arobaini ni nini, kwa Kiingereza chake cha saluni, foleni nzima ikisikiliza. Wakamgongea muhuri wenye siku zote alizotaka, na zaidi.

Nimewaona watu wenye suti wakinywea mbele ya meza kama ile. Mimi mwenyewe nimenywea. Mama yangu msusi alipita pale amesimama wima, na nilijisikia fahari.

"Upo?" akauliza.

"Nipo, mama."

"Basi ngoja, nina kazi."

Hakukata simu, aliiweka tu mahali. Nikasikia maji yakimiminwa kwenye beseni, kisha mdogo wangu, yule wa kulia kila siku, akipiga kelele kwamba ni ya moto mno.

"Tulia," mama akamwambia. "Nimetoka mbali."