Mbao Mbichi Ukutani

Baba yangu alikuwa seremala huko Chala tangu kabla sijazaliwa. Alitengeneza vitanda, madirisha, majeneza na mabenchi ya kanisa la kigango chetu, na kazi hiyo alimfundisha kaka yangu peke yake. Mimi nilipoomba kushika randa aliniambia nitakatika vidole, halafu nani atanioa. Nikawa mfagiaji wa maranda. Kaka alijifunza miaka mitatu, kisha akaenda Kabwe, ziwani, kufanya biashara ya samaki, na mbao hakuzigusa tena. Mimi nilisoma, nikawa mwalimu wa hesabu Sumbawanga mjini, nikajenga nyumba Milanzi kidogo kidogo, kila mwaka na fundi wake.

Mwaka juzi baba alipata kiharusi, akaja kukaa kwangu ili awe karibu na hospitali kwa ajili ya mazoezi ya mkono. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka hata kushika kikombe cha chai hawezi. Alishinda sebuleni kajifunga blanketi, anautazama ukuta. Na ukuta wenyewe haukuwa wa kutazamwa: rangi imebabuka, na migongo ya viti imechora mstari mweusi kuanzia mlangoni mpaka dirishani.

Likizo ya Aprili niliamua kuupamba. Nilikuwa nimeona kwenye simu nyumba ambazo vipande vyembamba vya mbao vimegongwa ukutani kama fremu za picha, ila ndani hamna picha, na mbao na ukuta vyote vimepakwa rangi moja. Nilimwita fundi. Alipima, akasifu wazo langu, akaenda kumalizia kazi nyingine, na tangu hapo simu yangu hakuipokea. Nikanunua mbao za paini mwenyewe, nikazipasulisha vipande vya upana wa vidole viwili, nikaazima msumeno na pimamaji kwa jirani.

Baba alinitazama asubuhi nzima bila neno. Nilipokata pembe ya nne ikakataa kukutana na mwenzake, alikohoa.

"Mama, unaua mbao."

"Basi nielekeze, baba."

Alilifungua blanketi lake, akaliweka kando.

"Sogeza hiki kiti," alisema.

Hivyo ndivyo alivyoanza kunifundisha, nikiwa na miaka arobaini na miwili. Alinishika kiwiko kwa mkono wake mzima. "Usiukandamize msumeno. Uache ujilie wenyewe. Kazi yako ni kuunyoosha tu." Alipoudhika alinigombeza kwa Kifipa cha nyumbani, na alipotulia alirudi kwenye Kiswahili cha vipimo. Nilikosea sana. Siku ya pili alicheka, na kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu mama alipofariki.

Siku ya tatu tulikwama. Nilichora mstari kwa pimamaji, nikahakikisha umelala sawasawa, kisha nikarudi nyuma kuutazama. Ulionekana umepinda. Sakafu yangu ilikuwa imeshuka upande wa dirisha, karibu vidole vitatu, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kujua. Ule mstari ulionyooka ndio ulioiumbua nyumba.

"Pimamaji linasema kweli," nikalalamika.

"Linasema kweli, lakini atakayekaa hapa hana pimamaji machoni. Shusha mstari upande wa dirisha, vidole viwili tu. Usifuate pimamaji, usifuate sakafu. Pita katikati."

Nilipaka uzi vumbi la chaki, yeye akashika ncha moja kwa mkono wa kushoto, nami nikauvuta na kuuachia. Mstari mweupe ukabaki ukutani. Nikarudi tena nyuma. Mimi ninayewakata wanafunzi alama kwa nusu sentimita, nilikiri moyoni kwamba mstari ule wa uongo ulikuwa mzuri.

Kabla ya kugongelea, nilishika kipande kimoja nikahisi uzito wake. Bado kilinukia utomvu. Muuzaji alikuwa amenitajia, kwa kujisifu, kwamba mti ulipasuliwa wiki ileile.

"Baba, hizi si mbichi? Tusizianike kwanza?"

"Zinatosha."

"Naona bado nzito."

"Nimeshika mbao kabla hujazaliwa. Gonga."

Niligonga. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, maana nilijua. Ukweli ni kwamba niliogopa. Tulikuwa na siku tatu tu za mimi kuwa mwanafunzi wake, na nilihisi nikimbishia atajifunga blanketi lake, arudi kwenye ule ukimya. Nikachagua kukosea pamoja naye. Tulimaliza fremu sita, tukapaka rangi ya maziwa ya mgando, na majirani wakaja kuona. Baba alipokea shikamoo zao amekaa wima.

Alirudi Chala mwezi wa tano. Mwezi wa saba upepo wa baridi ukaanza kupuliza, ule unaopasua midomo, na mbao zikakauka zikiwa ukutani. Pembe zikaachana moja baada ya nyingine. Fremu mbili za karibu na dirisha zilijikunja kabisa. Niliziba nyufa kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka rangi upya. Kwenye simu nilimwambia ukuta haujambo.

Agosti alikuja kliniki, akafikia kwangu. Baada ya chai aliinuka, akaenda ukutani, akapitisha kidole gumba kwenye pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niliendelea kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangika.

"Umeziba," alisema.

"Kidogo tu, baba. Ni huu upepo."

"Si upepo. Zilikuwa mbichi." Hakugeuka. "Uliniambia, nikakataa. Nimekosea."

Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia akisema neno hilo, kwa mama, kwa kaka, wala kwa mteja. Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nilijua nikanyamaza, lakini nilichosema ni, "Zilizoharibika ni mbili tu, tunaweza kuzitoa."

Tulizitoa. Safari hii nilinunua mbao zilizokaa miezi kibandani, na alinitaka nizigonge kwa kucha, nizisikilize, kisha nimwambie mwenyewe kama zimekauka. Nilimwambia zimekauka, wala hakuniuliza kama nina hakika. Fremu nne za zamani tuliziacha na puti yake. Wageni hawaoni kitu. Mimi naziona kila siku, na sina mpango wa kuzibadilisha.

Siku ya kuondoka, tukisubiri bajaji ya kwenda stendi, alisukuma mlango wa jikoni kwa mguu. Umelegea kwenye bawaba, unakwaruza sakafu.

"Huu usiuguse," aliniagiza. "Nisubiri."

Nikaitikia, ndiyo baba. Jumamosi iliyofuata niliung'oa, nikaulaza uani, nikaanza kuupiga randa.