Mpaka Tuliong'oa Wenyewe

Mpaka wa shamba letu haukuondolewa na askari, wala na jirani mwizi, wala na wale waliokuja kukaa pale baada yetu. Tuliung'oa wenyewe asubuhi moja ya kiangazi, baba yangu mbele na panga, mimi nyuma yake na jembe. Tulipomaliza, baba alimshukuru mtu wa serikali kwa mikono miwili.

Shamba lilikuwa kusini kidogo ya Rumonge, kati ya barabara ya kando ya ziwa na mahali ambapo ardhi inaanza kupanda kuelekea milimani. Michikichi yetu ya zamani ilikuwa mirefu na ilijiotea ilipotaka. Katikati yake mama alilima mihogo na maharage, akakamua mawese na kuyapeleka sokoni kwa vibuyu. Kuzunguka shamba kulikuwa na minyaa, ule mti wa vijiti vya kijani visivyo na majani, wenye utomvu mweupe unaoweza kukupofusha.

Kwetu mnyaa wa mpakani haupandwi na mtu mmoja. Mwenye shamba hushika kijiti, jirani naye hushika kijiti hichohicho, na kwa mikono minne wanakisimamisha ardhini. Baada ya hapo hakuna anayeweza kusema mwenzake alisogea usiku. Hatukuwa na karatasi ya ardhi, na hakuna mtu niliyemjua aliyekuwa nayo. Tulikuwa na minyaa.

Wakati wa Uhuru nilikuwa msichana wa shule ya misheni. Nakumbuka tuliambiwa sokoni kwamba sasa kulima ni kujenga nchi. Baba alilichukua neno hilo kwa uzito kuliko wote waliokuwa pale. Wakati wa Mbelgiji alilimishwa pamba kwa lazima na alipigwa kwa ajili yake. Mgongo wake ulikuwa na alama. Kwa hiyo mwaka wa sita wa Uhuru, mradi wa serikali wa michikichi ulipofika kando ya ziwa, baba hakuuliza maswali.

"Ile ya Mubeligi ilikuwa ya fimbo," alisema. "Hii ni yetu."

Aliyetumwa kwetu alikuwa monita wa kilimo, yaani bwana shamba, kijana mpole aliyetoka milimani, ambako mchikichi hauoti. Hakuwa amewahi kukwea hata mmoja. Alileta miche mizuri. Nasema hivyo kwa sababu sitaki hasira inifanye niongope: miche ilikuwa mizuri kweli, mifupi, ya chikichi zenye nyama nene na kokwa dogo, na ilizaa kama alivyoahidi. Lakini ilikuja na masharti. Michikichi ya zamani ikatwe. Miche ipandwe kwa mistari, mita tisa kutoka mmoja hadi mwingine. Katikati pasilimwe kitu.

Alipoeleza hayo uani kwetu, majirani wakiwa wamekaa, mama alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua macho.

"Monita, huko kwenu milimani munakulaka nini?"

"Maharage, mama."

"Na sisi ya huku tutakula mawese na kijiko?"

Watu walicheka, na monita akacheka pia. "Ni miaka mine tu, mama. Kisha utanunua maharage ya soko lote."

"Miaka mine! Tumbo inajuaka kuhesabu miaka?"

Baba alikohoa, kwa namna yake ya kumwambia mama anyamaze mbele ya wageni. Mama hakunyamaza. Monita alikuwa amefika kwenye sharti la mwisho: mashamba manne yaliyopakana yangefanywa kuwa bloku moja, na nyua za minyaa za katikati ziondolewe, kwa sababu zinapinda mistari na kunyima miche mwanga.

"Mupaka ni mikono mine," mama alisema. "Hauondoke kwa mudomo wa mutu mumoja."

Baba angeweza kukataa palepale. Badala yake alifanya lile ambalo mtu mwenye adabu wa kwetu angelifanya: alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani watatu waje kung'oa pamoja naye, ili desturi isivunjwe. Waliheshimu maneno yake, wakaja. Kila kijiti kilishikwa na mikono minne, kikatoka. Jirani wa kusini, mtu wa mzaha, alijifunga kitambaa machoni kujikinga na utomvu, akapapasa kama kipofu na kusema, "Sasa tuko ndugu. Mbuzi yangu ikiingia kwako, usinipigie kelele, iko kwao!"

Mama peke yake hakuja. Hilo ndilo linalonichoma hadi sasa: hatukulazimishwa, na hatukukosea hatua hata moja. Tuliutoa ushahidi wetu wa pekee kwa utaratibu kamili.

Kisha tulipima. Mimi nilishika ncha moja ya kamba, mke wa jirani wa kusini akashika nyingine, monita akichomeka vijiti. Mistari ilitoka ishirini na miwili, kutoka mwanzo wa bloku hadi mwisho, ikihesabiwa kutoka kusini, ikapita juu ya mahali mpaka wetu wenye kupinda ulipokuwa, yenyewe imenyooka. Monita alichora ramani kwenye daftari lake, akaandika jina la kila mwenye shamba na mistari yake. Ramani ilikwenda ofisini. Baba akapewa cheti cha mkulima wa mfano, kwa Kifaransa, nikamsomea mara nyingi. Kilisema alipanda vizuri. Hakikusema alipanda wapi.

Miaka minne tulinunua maharage. Mwaka wa sabini na mbili vishada vya kwanza vilianza kuwa vyekundu.

Mwisho wa Aprili mauaji yalianza huku kwetu kando ya ziwa. Kwanza walikuja waasi na mapanga. Kisha likaja jeshi, na jeshi halikuondoka; kila mwanamume wa kwetu lilimhesabu mwasi. Jirani wa kusini alipakiwa kwenye lori barabarani, mchana, mbele ya mkewe. Hakurudi. Sisi tulivuka kwa mtumbwi hadi upande wa Kigoma, baba akiwa na cheti kifuani. Ningependa kusema tuliangalia nyuma. Hatukuangalia, tulikuwa tunachota maji mtumbwini.

Habari zilitufikia kupitia mchuuzi mmoja wa samaki wa Magara, upande wetu wa ziwa, aliyekuwa na njia zake za kwenda na kurudi. Michikichi yetu, alisema, inavunwa na watu walioletwa. Wameambiwa bloku ni moja na ni ya serikali, na mtu yeyote akitazama anaona ni kweli: mistari imenyooka, hakuna ua, hakuna mche wa mbegu nyingine. Baba alimwomba aulize juu ya ramani. Mchuuzi alirudi na jibu la karani wa ofisi ile. Monita hayupo tena, hakuna anayesema alikokwenda. Daftari halijaonekana. Lakini kama kuna wanaodai, karani alisema, waandike ni mistari gani.

Nilichukua kalamu. Tulikuwa tumekaa nje ya banda letu la nyasi, na mjane wa jirani wa kusini alikuwa pamoja nasi, kwa kuwa tulikuwa tumevuka kwa mtumbwi mmoja.

"Andika wa saba mpaka wa kumi na mbili," baba alisema.

"Wa sita mpaka wa kumi na moja," mama alisema. "Wewe ulikuwa unamutazama monita. Mimi nilikuwa natazama shamba yangu."

Mjane alisubiri wanyamaze. "Wa saba ni wetu, mama. Mume wangu ndiye aliyechimba mashimo yake. Na mutoto wangu akikomaa atataka kujua ya baba yake."

"Dada, sikatai mashimo," baba alisema. "Nasema mustari."

"Basi muulize binti yako. Tulishika naye kamba."

Wakanigeukia wote watatu. Nilikuwa nimeshika ncha ya kamba ile siku nzima, nimehesabu vijiti kwa sauti, nimefurahia jinsi vilivyonyooka. Lakini hapakuwa tena na mpaka wa kuonyesha mstari upi ni wa nani. Niliandika majina ya familia zote mbili na neno "mistari", nikaacha nafasi kwa ajili ya namba. Mchuuzi alikuwa anaondoka na wenzake siku ya pili. Hakuichukua barua, kwa sababu hatukuwa tumekubaliana, na hadi leo mstari wa saba haujapata mwenyewe kati yetu.