Robo Saa Niliyoinyima Timu Yetu

Chuo chetu kimekuwa cha kwanza Arusha nzima katika mashindano ya kuandika programu za kompyuta. Namshukuru Mungu, tena sana, kwa kuwa Mwalimu Nasra, karani Elia na mwanafunzi Neema walianza robo saa nyuma ya wenzao, na aliyewachelewesha ni mimi, mtunza maktaba na mzee wa kanisa.

Niliombwa sala fupi ya kufungua. Nikafumba macho, nikaanzia kwa Adamu. Kengele ikalia, nikadhani ni ya shule jirani, nikaendelea. Nilipofika kwa Nuhu nikasikia matone, kwanza machache, kisha mengi. Mahindi yetu yalikuwa yamekauka, basi nikayaacha mashindano, nikamshukuru Mungu kwa mvua hiyo kwa sauti kuu, nikaomba inyeshe hadi Momela.

Mtu akanivuta koti. Nikafumbua macho. Jua lilikuwa kali mpaka kilele cha Meru, na ukumbi mzima waliosimama wameinamisha vichwa ni watu watatu tu, wa chuo chetu.

"Babu, shikamoo," Neema akanong'ona. "Sema Amina, tafadhali. Hiyo mvua ni wenzetu wanachapa."