Bati la Mbayuwayu

Harufu ya udongo uliolowa maji ya kuoshea vyombo hunirudisha nyumbani upesi kuliko picha yoyote. Kwetu, karibu na barabara ya kwenda Masara, mama alikuwa na uchanja wa vyombo nyuma ya nyumba. Hata jua la Desemba lilipokausha nyasi zikawa zinavunjika chini ya miguu, pale chini ya uchanja hapakukosa tope. Mbayuwayu, ambao sisi tuliwaita opija, walishuka hapo asubuhi wakachota tope kwa mdomo, wakapita juu ya kichwa cha mama aliyeinama, wakaingia sebuleni kwa mlango wa mbele kana kwamba wamealikwa. Shule zilikuwa zimefungwa, na kazi yangu kubwa ilikuwa kujilaza mkekani nikitazama kiota kikinenepa kwenye boriti. Nje kulikuwa na ndege wengine, kwera wenye makelele mitini, na jioni kwarara walipita wakilia kama watu wanaogombania mpaka wa shamba, lakini hao niliwasikia tu. Waliokuwa wangu ni wale wa ndani.

Mama hakuwapenda, wala hakuficha. Makochi yake yalivaa vitambaa vyeupe alivyovifuma mwenyewe, na opija hawakuwa na adabu hata kidogo. Alivifua akiwasema kwa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Baba alimtania kwamba tope ni lake, basi na ndege ni wake.

Likizo hiyo ndipo baba alipotoka katika boma la babu kwenda kuanzisha lake, ng'ambo ya kijito. Kwetu siku ya kuhama haifanyiwi mchezo. Baba hutangulia na jogoo mkononi, mwanawe wa kwanza hubeba shoka, mama hubeba moto, na nyumba mpya husimama siku hiyohiyo. Mkishalala kule, ile ya zamani hamrudi kuilalia, hubomolewa. Babu alishapanga siku, na hakuna aliyewauliza opija, ambao kiotani mwao sasa kulikuwa na vinywa vya manjano vilivyopanuka kila kivuli kilipopita. Niliogopa kwa ajili yao mpaka chakula kikanishinda.

Tulihama. Kaka yangu Otieno alibeba shoka akitembea kwa maringo kama chifu. Siku chache baadaye baba alirudi na fundi Mwita, Mkuria asiyejua Dholuo, lugha yetu, kuvua mabati ya nyumba ya zamani ili waezekee jiko jipya la mama. Niliwafuata nikilia waziwazi, ingawa nilikuwa msichana mkubwa. Baba alisimama chini ya kiota, akatazama juu kwa muda mrefu, asinitazame mimi.

"Fundi, hiyo ya pembeni wacha."

"Mzee, bati moja itabaki hapa kufanya nini?"

"Iko na wapangaji."

Mwita alicheka hadi akashikilia ngazi. Alipomaliza alirudi nyuma akaiangalia kazi yake. "Sasa hii nyumba inakaa kichwa ya mtu amenyolewa na kinyozi mlevi," akasema.

Ndivyo mama alivyopata jiko lenye paa pungufu. Jua liliingia kwa pengo likakaa juu ya sufuria, naye akapika akiwa amefinya macho. Mimi kila alasiri nilivuka kijito nikaketi katika ile sebule isiyo na paa. Mawingu yalipita polepole palipokuwa na mabati, mashine za kusaga mawe ya dhahabu zilinguruma kwa mbali, na opija waliingia kutoka angani moja kwa moja. Wakati mwingine nilisinzia, nikiamka sikujua niko ndani au nje, nami nilikuwa na furaha.

Kisha jioni moja mawingu yakaja kutoka upande wa ziwa, na mvua ambayo hatukuitarajia. Ilimwagika jikoni kupitia lile pengo, moto ukafuka moshi, na baba kwa aibu akachukua ngazi. "Naenda kuileta ile bati," alisema. Nilisimama mlangoni kwa hofu, maana makinda hawakuwa wameruka bado. Mama alikuwa amefunika sufuria kwa karai, kitambaa cha kichwani kimemgandama usoni.

"Baba Otieno, weka ngazi chini. Utawatoa watoto wa mwenzako nje na mvua hii? Ugali utaiva tu."

Haukuiva. Tuliula mbichi katikati na hakuna aliyelalamika. Nilimpenda mama usiku ule kuliko nilivyojua kusema. Mvua ilipita, makinda waliruka juma lilelile, na baba akalileta bati.

Siku hizi naishi Homa Bay mjini, katika nyumba ya kupanga yenye dari nyeupe na nyavu madirishani, na hakuna kiumbe anayeingia bila ruhusa. Ni nyumba safi, na mara nyingine ukimya wake hunichosha. Baba alishatutoka. Mwaka jana Otieno alimnunulia mama bodi za dari ili sebule isipate joto sana. Mama alimuuliza opija watajenga wapi. Ni miaka mingi hakuna opija aliyeingia mle, na Otieno alimwambia hivyo. Bodi bado zimeegemea ukutani, na kila jioni mama ndiye wa mwisho kijijini kufunga mlango wa mbele.