Bibi Huligevva na Jiwe Lililooshwa

Ukisikia Bibi Huligevva anakuita nyani wa hekaluni, jua umependwa. Mimi mjukuu wake ni kichwa cha nyati tangu sijaota meno. Ng'ombe wake anaitwa mwizi. Hata babu, siku anabebwa kwenda kuchomwa kando ya mto, Bibi alimwinamia akamwambia, "Umelala tena, mvivu wewe," halafu akalia siku kumi na moja. Heshima anawawekea watu baki. Karani wa ardhi, daktari wa macho, hao ndio wanaitwa mheshimiwa, wanapewa kiti na maji kwenye glasi. Sisi wa ndani tunakunywa kwa kopo.

Tunakaa Kamalapura, ila maisha ya Bibi yako kule kwenye migomba, katikati ya magofu. Wafalme walijenga mji mzima wa mawe, mji ukaja kuchomwa, na sisi tukapanda ndizi kwenye vyumba vyao, basi. Nguo tunaanika juu ya tembo wa jiwe asiye na mkonga. Yuko poa sana kwa mablanketi.

Sasa mwisho wa shamba, nyuma ya kijihekalu kilichobakiza nguzo sita, kuna jiwe limesimama, linanifika kifuani. Tunaliita Ajja, kama unavyomwita babu yako. Bibi alirithishwa na mama mkwe wake, naye alirithishwa na mama mkwe wake, huko nyuma hakuna anayejua. Kila mwezi unapoandama unalipaka chokaa, juu ya chokaa manjano, unaliwekea mkate wa mtama na chatini ya karanga. Chokaa ilirundikana mpaka Ajja akawa mnene kama mke wa muuza mafuta. Bibi anamwambia kila kitu. Mvua, mahari ya mama, mitihani yangu. "Kula, tumbo la mtungi wewe," anamwambia, "na leo usijifanye hujasikia." Chini ya chokaa kuna nini, hakuna aliyewahi kuuliza. Nani anamuuliza babu yake avue nguo?

Mjomba Kotresh ni mtoto wa marehemu mdogo wake Bibi. Bibi alimchukua ana miaka minne, na magofu yote aliyajua akiwa mgongoni kwake. Ni Bibi aliyemwonyesha wale wacheza ngoma waliochongwa nyuma ya kichaka cha miiba, na bwawa lenye ngazi ambalo ng'ombe ndio walitangulia kulivumbua. Alipokua akawa mtembeza watalii, na Bibi alijivuna kweli. Alimwita punda wa dobi mbele ya watu wote stendi.

Shida ni kwamba watembezaji wako wengi na wote wanaonyesha vilevile, lile gari la mawe, zile nguzo zinazolia ukizigonga, ule mnara unaoonekana kichwa chini ukutani. Kotresh akataka kitu ambacho wenzake hawana. Akaanza kumbembeleza Bibi amruhusu kuleta wageni wamwone akimlisha Ajja. Bibi alikataa mwezi mzima. Mwishowe akasema walete, wakae mbali, ila chokaa isiguswe na mtu. Akataka kiapo. Kotresh akamwekea mkono kichwani, akaapa. Kwetu ukiapa hivyo halafu ukavunja, anayekufa ni yule mwenye kichwa. Ndio maana huwezi kuapa juu ya kichwa cha mtu usiyempenda, atakuwa hana raha.

Mwezi uliofuata Bibi akaenda Hosapete kutolewa mtoto wa jicho. Akalala kule siku nne. Aliporudi na miwani yake nyeusi, mama akamwambia apumzike, akasema hapana, jicho jipya limwone Ajja kwanza. Nikamshika mkono tukaenda.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni vipande vya chokaa mferejini, vyeupe na njano, vimerundikana kama maganda ya mayai. Bibi yeye alikuwa anatazama mbele. Ajja alikuwa mwembamba, mweusi, amelowa, na mwili mzima umejaa maandishi. Kotresh alikuwa pale na brashi, na profesa mmoja mpole mwenye kofia, anapiga picha.

Kotresh akaja mbio, anacheka. Ule uso wake sitausahau, alifikiri kaleta zawadi.

"Mamkubwa, ni jiwe la mfalme," akasema. "Miaka mia tano. Hamna mtembezaji mwingine aliye nalo."

Bibi akamuuliza limeandikwa nini. Kotresh akasoma kwenye simu, alivyotafsiriwa na profesa: ardhi yote kuanzia jiwe hili hadi bwawani ni mali ya hekalu, na atakayeitwaa ahesabiwe kama aliyeua ng'ombe ukingoni mwa Ganga, mto mtakatifu.

Kuanzia jiwe hadi bwawani ndio shamba letu, lote.

Profesa akajaribu kueleza kwamba laana hiyo inaandikwa kwenye mawe mengi, haimlengi mtu. Bibi hakumsikiliza. Yeye hata nge hamuui, anamtoa nje kwa ufagio. Akalishika jiwe kwa kiganja, pale alipozoea kupaka.

"Miaka arobaini namlisha," akasema taratibu, "na yeye kumbe muda wote ananiita muuaji."

Halafu akajigusa kichwa, pale pale Kotresh alipoweka mkono. Tukarudi nyumbani.

Picha ya Kotresh ikatoka gazetini. Ajja akazungushiwa uzio wa chuma na ubao unaosema marufuku kupaka kitu chochote. Shamba hakuna aliyeligusa, karatasi zetu ziko sawa. Siku chache baadaye Kotresh akaja na boksi la peremende za maziwa, akavua viatu, akaingia kama kawaida yake moja kwa moja jikoni.

"Mheshimiwa, karibu," Bibi akasema. "Keti kwenye kiti."

Akamletea maji. Kwenye glasi.

Kotresh aliitazama ile glasi kama imejaa sumu. "Mamkubwa, nitukane."

"Mgeni hatukanwi."

"Niite nyani basi. Mara moja tu."

Bibi akamuuliza kwa adabu kama angependa na chai. Mama akatoka nje, alikuwa analia.

Juzi mwezi uliandama. Bibi akapika mkate wa mtama, tukaenda. Kotresh alikuwa uzioni na wageni sita. Bibi akaunganisha viganja kifuani, akamsalimia, "Habari za kazi, bwana," akampita. Akasogea kwenye vyuma, akapenyeza mkono, akauweka mkate chini mbele ya jiwe.

"Kula, mzandiki wewe," akamwambia Ajja. "Nyoka uliyevaa nguo zangu. Tumbo la mtungi. Kula."

Aliendelea hivyo muda mrefu, hakurudia tusi hata moja. Wageni wakamuuliza Kotresh bibi huyu anasema nini. Kotresh alikuwa amegeukia migomba, na hakuwatafsiria.